Kokwa

Mbwa wangu anaitwa Deni.
Cirhuza alinikopa vikapu viwili vya marakuja,
mvua ikanyesha wiki nzima, mali ikamwozea mikononi,
akaniletea kitoto cha mbwa ndani ya mfuko wa saruji:
"Mama Nsimire, chukua huyu, mambo yaishe."
Sikuyaacha yaishe. Nilimpa jina.

Pale Nyawera mbwa mwenye adabu hafukuzwi sokoni.
Alilala chini ya meza yangu,
pua juu ya kandambili, jicho moja kwa wateja.
Wateja wangu wana haraka: wanafunzi, vijana wa pikipiki,
wabeba mkaa wanaoteremka kutoka Kadutu.
Mkate wananunua kwa jirani, avoka kwangu,
wanaipasua kwa kidole gumba, chumvi kidogo,
wanakula wamesimama,
na kokwa wanalitupa chini
kama neno ambalo mtu hataki kujibiwa.

Jumanne Deni alimeza moja.
Jumatano hakuamka kunisindikiza.
Alhamisi tumbo lilikuwa gumu kama ngoma,
anatapika povu, ananitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyekopa.

Soko zima likawa hospitali.
Namegabe wa mananasi: "Avoka ni sumu kwa mbwa, hata majani yake."
Bisimwa mchinja mbuzi: "Sumu gani!
Kwetu Walungu mbwa wananenepa kwa avoka,
manyoya yanang'aa kama viatu vya padri."
Mmoja akasema mawese. Mmoja akasema maombi.
Mmoja, mdomo umejaa mkate wangu na chumvi yangu:
"Mbadilishe jina. Umeona wapi deni likapona?"

Nikamfunga mgongoni kwa kitenge.
Matope, mlima, watu wananipisha
wakidhani ni mtoto, kisha wakiona mkia.
Kwa daktari Bashige ukutani kuna picha ya ng'ombe
aliyegawanywa kwa mistari kama ramani ya mikoa.
"Mimi ni wa ng'ombe," alisema,
lakini vidole vyake vilikwisha fika tumboni mwa Deni.

"Ni sumu, daktari?"
"Avoka ina mafuta mengi, usimzoeze.
Ila si nyama yake iliyomlaza hapa. Kuna kokwa. Limeziba njia."
Alipokuwa akichemsha visu nikamwuliza mengine,
moja moja, kama ninayepanga meza asubuhi.
Ndizi? Kidogo.
Nanasi? Bila ganda.
Pera? Kipande, si tunda zima.
Embe? Bila kokwa, mama, hujasikia?
Zabibu?
Akageuka.
"Zabibu usimpe hata moja. Inaweza kuua figo."

Nikacheka, siku ile, mbwa wangu akiwa mezani.
Zabibu! Nimeziona mara moja tu,
harusini kwa mtoto wa bwana wa forodha,
zimelala kwenye sahani kama shanga za mtu mwingine.
Basi kuna jambo moja umaskini umenilindia.

Kazi ilimalizika kwa mwanga wa simu mbili.
Kokwa likatoka jeusi, linateleza, zima,
ungeweza kulipanda.
Nililipa nusu. Nusu iliyobaki
nampelekea avoka kila Jumamosi.
Kwa hiyo jina limebaki.

Jioni ya kwanza niliporudi mezani
niliinama kuokota makokwa,
na upande wa pili mvulana ameinama vilevile,
anatafuta vipande vilivyoangukia matope.
Alifuta kimoja kwenye kaptula, akala.
Hakuniuliza kama ni salama.
Na mimi kule, kwa maswali yangu yote,
sikuwa nimeuliza kwa ajili yake.
Nikampa avoka nzima.
"Kokwa unirudishie," nikasema,
sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka.

Sasa nahesabu makokwa kabla ya kuhesabu pesa.
Leo zimeliwa hapa avoka arobaini.
Makokwa, thelathini na tisa.
Deni amelala, mshono umeanza kuota manyoya.
Nawasha tochi. Nainama tena.