Zoezi la Tatu: Unda Lifti

Lilitufikia Jumanne usiku, mistari minne tu:
"Unda ngeli, iite Lifti.
Iwe na ghorofa, iwe na mlango,
ijue kupanda na kushuka. Alama ishirini."

Nikacheka peke yangu katika chumba cha mitambo,
juu kabisa ya jengo namba kumi na sita, hapa Gldani,
ninapotumia mtandao wa kijana wa ghorofa ya tisa
kwa ruhusa yake, kwa kuwa nilimtengenezea kengele.
Miaka ishirini na miwili nimekula mkate
juu ya mgongo wa lifti.
Vidole vyangu viwili havikunjiki, sababu ni lifti.
Leo chuo kikuu kinaniuliza: lifti ni kitu gani?

Nikaandika.
Ghorofa: namba kamili.
Mlango: wazi, au umefungwa.
Hapo nikakwama,
maana mlango wetu una hali ya tatu,
umefungwa-lakini-usukume-kwa-goti.
Nikaongeza goti.
Nikaongeza kisanduku cha sarafu, tetri kumi kwa safari,
na ile sarafu aliyoitoboa Vazha akaitia uzi
apate kuivuta tena akifika,
mwizi mwenye nidhamu, hajawahi kuisahau.
Nikaongeza harufu ya kitunguu saumu.
Nikaongeza Bibi Nanuli wa ghorofa ya nane
asiyeingia kabla hajaikemea.

Mwalimu Pikria sisi tunamjua kidevu na kikombe tu;
kamera yake imeinama, sauti yake inatoka Batumi vipandevipande.
Akanirudishia kazi. Alama tisa.
"Zaali, wewe umeunda lifti moja.
Nilitaka ngeli. Ngeli ni mchoro, haipandwi na mtu.
Mtoe Nanuli."

Mtoe Nanuli!
Nilizima laptopu, nikaiwasha, nikaizima.

Somo la urithi sikuhitaji kufundishwa.
Mtoto huchukua mbinu za mzazi,
na ile isiyomfaa huiandika upya kwa jina lilelile.
Baba yangu Otari, kutengeneza() kwake kulikuwa nyundo.
Kwangu mimi ni kulaza sikio juu ya chuma kwanza.
Spana ni ileile.

Alhamisi umeme ukakatika.
Kati ya ghorofa ya nne na ya tano, gizani,
nikasikia mtu anaitukana lifti kwa ufasaha.
"Bibi, tulia. Naachia breki, nazungusha gurudumu kwa mkono.
Itachukua muda."
"Basi zungumza," akasema. "Unasoma nini huko juu usiku?"

Nikamwambia, nikihema, zungusho kwa zungusho:
kila kitu kinaficha matumbo yake,
kinakuonyesha kitufe tu. Wewe bonyeza, usiulize.
"Miaka arobaini nabonyeza, siulizi,
na ona nilipo."
Nikamwambia kwamba amri ni moja, "fungua",
na mlango utaitika kivyake, kasha kivyake, dirisha kivyake.
"Kama wanangu nikiwaita mezani."
Nikamwambia kuhusu ngeli: lifti iliyo mama wa lifti zote,
isiyo na jengo, isiyo na kutu, isiyo na namba.

Akanyamaza mpaka nikadhani amezimia.
"Na huyo," akauliza, "hajambeba mtu hata mmoja?"
"Hata mmoja."
"Maskini."

Alipofika ghorofa ya nne alipiga mlango kwa goti, akatoka,
akapanda ngazi zilizobaki kwa miguu
akiikemea njia nzima.

Usiku ule nikafuta. Goti likaenda, sarafu ikaenda,
kitunguu saumu kikaenda.
Ngeli ikabaki safi kama sahani ya mgeni.
Nanuli nikamtoa kwenye msimbo, nikamweka kwenye maelezo,
mstari ule ambao mashine huuruka bila kuusoma:

// Ya jengo 16 husimama ya nane hata isipoitwa. Msubiri.