Pale Panapokatika

Babu aliimba wimbo usio na maneno,
na kila alipofika mahali fulani aliukatisha:
shhhh, krrr, shhhh,
kama mtu anayepepeta ufuta unguoni,
kisha akaudaka tena, mbele, bila kujikwaa.

Tulikua tukidhani ni pumzi.
Shangazi Redempta alisema ni kifua, ni tumbaku.
Sisi wajukuu tulilala hapo hapo, kwenye shhhh;
hakuna aliyewahi kufika mwisho akiwa macho.

Koplo Hilari Nantauka, wa Keya,
fundi wa simu ya upepo.
Alitoka Ndanda kwa miguu hadi Lindi,
akapakiwa melini, akashushwa penye mvua
isiyojua kuacha.
Kuhusu Burma alitusimulia mambo matatu tu:
matope, ruba,
na sanduku ambalo usiku, amri zikisha kupita,
lilimruhusu kuwasikia Wamarekani wakicheza dansi.
"Wapi, Babu?"
"Hewani."
"Walikuwa wanafurahia nini?"
Akatafuta kiberiti.

Mwaka huu, korosho zimekwisha ghalani, malipo bado,
nimekaa kibandani kwangu karibu na hospitali
nabadilisha vioo vya simu za watu,
na bando la usiku linanitembeza nisikotumwa.
Ndipo nikaangukia matangazo ya kale:
redio ya askari, mwaka wa arobaini na nne,
santuri zenye mikwaruzo,
mtangazaji mwenye sauti ya mafuta ya nywele
akiwatakia usiku mwema vijana walio mbali.
Kipindi cha sita. Tarumbeta tatu, klarineti moja,
na bisibisi ikanidondoka mdomoni.

Babu.

Si sauti yake. Njia yake.
Ukashuka alipokuwa akishuka, ukapinda alipokuwa akipinda,
nikashika meza maana mahali pale palikuwa panakuja,
nikabana pumzi nisubiri shhhh.
Haikuja.
Wimbo ulipita moja kwa moja,
na kumbe pale palikuwa na mwanamke.
Miaka yote ile, ndani ya ule mkwaruzo,
alikuwa amesimama mwanamke akiimba, mistari minne,
sauti nyembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano,
na Babu hakuwahi kumsikia.
Wingu lilipita, au mlima, au betri,
naye, mtu mwaminifu, akabeba nyumbani alichopewa
pamoja na shimo lake.
Hakulijaza kwa cha kubuni.

Asubuhi nikaenda kwa Bibi Eulalia na spika.
Alikuwa anamenya ming'oko. Nikampigia.
Akainamisha kichwa. Kidole kikaanza kugonga sufuria,
kikafika mahali pale, kikasimama hewani,
kikamsubiri yule mwanamke amalize
kama unavyomsubiri mgeni aliyekosea mlango.

"Huyu nani?"
"Ndiye aliyekosekana, Bibi. Huu ndio wimbo kamili."
"Nani kakwambia ulikuwa na upungufu?"
Akamenya mng'oko wa pili, wa tatu.
"Miaka hamsini na moja nimelala na ile shhhh.
Hapo ndipo alipokuwa anageukia upande wangu."

Nikamwambia naweza kumtoa. Mashine ya kukatia ninayo,
nitamkata asibaki hata ukucha.
Bibi akaifikiria spika muda mrefu,
maganda yamemjaa mapajani.
"Mwache. Katoka mbali huyo, na usiku ule
hakuna aliyemsikiliza.
Ila akifika, tumfunike kidogo."

Basi Jumapili, baada ya misa, tunaupiga.
Tarumbeta zinashuka, klarineti inapinda,
anafika yule mwanamke,
nasi wawili, Bibi bila meno, mimi bila aibu,
shhhh, krrr, shhhh,
kama watu wanaomnyamazisha mtoto,
au wanaomlaza.