Hesabu ya Wati Sitini

Februari, Ganjoni. Lami inanata kwenye kandambili,
nami nimesimama dukani kwa Kutubdin
nauliza bei ya hita.

Vijana wa kubeba mizigo wakaangaliana.
Mmoja akaniletea kiti: "Keti kwanza, mzee. Jua kali."
Sijaugua, mwanangu.
Nina gari la mkate lililostaafu kama mimi,
nimelitia kitanda, sinki, pazia la kanga,
na Mwanasiti, mzaliwa wa Kibokoni, asiye hata na sweta,
anataka kuziona nyasi za Nyahururu alfajiri,
zile ambazo binti yetu Tima anasema
ukizikanyaga zinavunjika kama bisi.

Kutubdin akajaza meza.
Hii ya feni, wati elfu moja na mia tano,
inapuliza kama mdaiwa anayejieleza.
Hii ya mafuta, mbavu saba, inachelewa kupata moto
na inachelewa kuusahau,
lakini uzito wake ni wa mtoto wa darasa la pili.
Hii ya waya mwekundu ni nzuri kuitazama,
ila pazia likiigusa mtatoka bila viatu.

Nikachomoa penseli sikioni.
Betri yangu: volti kumi na mbili, ampea mia mbili.
Zidisha: elfu mbili na mia nne.
Nusu tu ndiyo halali. Nusu ya pili ni amana,
ukiila, betri haimalizi mwaka.
Basi elfu na mia mbili.
Feni itaimaliza
kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo.
Mbavu saba, hata kwa swichi ndogo, saa mbili,
kisha tutalala tukisikilizana meno.

Miaka thelathini na mmoja nimeilinda baridi isitoroke
kwenye ghala la nyama kule Kilindini,
ndani koti zito, nje fulana.
Naijua kuliko waliozaliwa nayo.
Haibishi hodi. Hupitia sakafuni,
hupitia tundu la skrubu,
huanza na vidole vya miguu, kisha hupanda magotini
kama mpangaji anayehamia kidogo kidogo.
Na hili pia nalijua: ukuta hauna upande.
Ubao wa sponji uliozuia joto lisiingie
ndio huohuo utakaolizuia lisitoke.
Nimebandika inchi mbili, dari hadi chini,
nikaziba kila ufa, nikaacha tundu moja la pumzi.

"Na hilo je?"
Lilikuwa chini ya meza, sanduku limeliwa na mende.
Blanketi la umeme.
Linachomekwa betrini moja kwa moja,
wati sitini, pande mbili, kila mtu na swichi yake.
Sitini mara nane: mia nne na themanini.
Penseli ikatulia.
Kupasha hewa ni kumlipia nauli mtu
anayeshuka kituo kijacho.
Pasha mtu.

Kutubdin akaniazima kwa usiku mmoja.
Tukalijaribu garini, uani, milango tumefunga.
Dakika kumi, Mwanasiti kalowa,
anacheka hadi gari linatikisika.
Bi Mishi wa ghorofani akachungulia dirishani:
"Kuna mgonjwa humo?"

Nilipokuwa nikirudi kazini usiku, enzi zile,
vidole vimekufa ganzi,
huyu alivitia kwapani mwake
bila kuuliza ni wati ngapi.

Kesho nitalipa. Lakini bado ana swali,
amelala chali, kanga imemganda mwilini:
"Na birika?"

Nikawasha taa. Nikatafuta penseli.
Birika, elfu moja na mia tano. Dakika tano.
Mia moja na ishirini na tano.
Vikombe viwili, basi.
Tima akija kutuamkia, aje na chupa yake.