Baki

Miaka thelathini na minane, Punta Arenas,
nikishika kamba za barabarani
upepo usinibebe kabla ya kipindi cha kwanza.

Chaki imeingia kwenye mishono ya koti.
Mke wangu aliipangusa, akachoka, akaiacha.

Yasna aliniuliza, mwaka ule wa theluji nyingi:
"Mwalimu, x ikishapatikana, huwa inakwenda wapi?"
Nikamwambia akae, amalize zoezi.

Leo anauza kaa wekundu sokoni.
Anapima, anajumlisha kichwani, haniangalii,
kisha ananiongezea mmoja.
"Huyo ni baki," anasema.

Nimekumbatia mfuko, mkono mmoja kwenye kamba.
Nimepiga hesabu njiani, mara mbili.
Pesa zangu ziligawanyika sawasawa.

Hapakuwa na baki, Yasna.
Kugawanya nilikufundisha mimi.