Gunia la Kumi na Mbili

Khalayi, ukishuka Mbale usimtafute "Mzee Kilo".
Hilo ni jina la kwenye mizani,
na masjala haimjui mtu kwa utani.
Andika Wepukhulu. Ukimkosa, andika Wepukulu.
Mimi herufi moja ilinilia siku nzima:
karani akabonyeza, kompyuta ikasema hayupo,
akabonyeza tena, hayupo,
na kompyuta haina shangazi wa kuinong'oneza
kwamba huyu ndiye yule yule wa kule Budadiri.

Nenda asubuhi, kabla ukungu haujaliachia jabali la Wanale.
Saa saba mlango una kufuli
na karani ameinamia malewa yake.

Usiseme "nataka pesa zangu".
Pale hawaweki pesa, wanaweka karatasi.
Sema: naomba kupekua daftari la mufilisi.
Lifanyie mazoezi njiani neno hilo.
Mimi lilinikwama kooni,
maana huku kwetu tulizoea kusema tu: ametoroka.

Atakuuliza mwaka. Sisi huhesabu kwa tohara;
yeye anataka tarakimu, mpe tarakimu.
Atakuandikia malipo, uende benki,
upange foleni nyuma ya wanaolipa karo,
urudi na risiti. Risiti ishike.
Nimeona mtu mzima akilia kwa risiti iliyolowa.

Jalada likija, keti.
Lina kamba ya kijani na vumbi la miaka mitatu.
Usilambe kidole kulifunua.
Mbele kuna ombi, halafu amri yenye muhuri,
halafu jina la msimamizi wa mali, yuko Kampala,
na yeye ndiye wa kumpelekea dai lako.
Nakili simu yake hapo hapo,
kabla macho hayajalowa kwa yanayofuata.

Yanayofuata ni vitu vyake.
Mizani moja, mkono umepinda.
Maturubai mawili. Pikipiki isiyo na injini.
Kitanda. Redio.
Nusu ekari, iko rehani.
Nilikaa na ile mizani muda mrefu.
Miaka tisa niliilaani kwamba inanila kilo zangu,
na sasa nayo imepimwa:
shilingi elfu arobaini.

Kisha wadai. Benki, benki nyingine, kodi.
Msomaji mvivu angeishia hapo.
Shusha kidole. Ukurasa wa nne, kwa mkono wake mwenyewe,
mwandiko ule ule wa kwenye vikaratasi vyetu:
Nambozo, magunia kumi na mawili.

Kumi na mawili, Khalayi.
Mimi nilikwenda kudai kumi na moja.
Gunia la mwisho alilipakia jioni ya tohara ya Kuloba wangu,
ngoma zinalia, uani watu wamejaa, sikuhesabu.
Yeye, katika chumba gani sijui, chini ya taa gani sijui,
akiorodhesha aibu yake mbele ya wakili,
alilikumbuka.

Dawa ya deni kulipa, walisema.
Hawakusema lolote juu ya mgonjwa aliyeikosa dawa,
akakaa chini, akauandika ugonjwa wake wote,
asiache hata kipele.

Sijalipwa, nisikudanganye.
Wa ukurasa wa nne hula makombo ya wa ukurasa wa kwanza,
na hao wa kwanza bado wanasubiri sufuria.
Lakini nilinunua nakala ya ule ukurasa,
nimeuweka kwenye kopo la chumvi, mahali pakavu,
na jina lake, nikilitaja siku hizi,
nalitaja kamili, na ile h yake.

Na wewe umo. Mstari wa tatu chini yangu.
Sikwambii ni magunia mangapi.
Kasome mwenyewe.
Beba penseli, kalamu wanakunyang'anya mlangoni.