Gonga, Usisugue

Wageni wa Iganga wanafika saa nane.
Sasa ni saa tatu, na fenesi limewatangulia:
limeketi kwenye kochi, mto wa katikati,
pale pale atakapokaa shangazi wa bwana harusi.

Kitimbo ana miaka sita na vidole kumi,
na kila kidole kimetia sahihi.
"Si mimi," anasema, midomo imegandana.

Maji nimeyazuia mlangoni.
Ulimbo ukimwagiwa maji hung'ang'ania uzi
kama mpangaji anayedaiwa anavyoshika kitasa.
Mama Babirye anapaza sauti dirishani: "Mafuta ya taa!"
Asante, jirani. Lakini hapa Walukuba
wageni huja kunusa chai, si karakana.

Basi, mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja,
fulana kuukuu.
Gonga, usisugue.
Gonga kama unayebisha kwa mtu mliyekosana,
toka ukingoni, taratibu, hadi katikati.
Ulimbo unalegea, unatoka nyuzi nyuzi, mweusi, mkaidi.
Sasa nina doa la mafuta.

Unga wa posho juu yake. Nusu saa.
Naigaga anasukwa nyuma ya pazia, anauliza
kama aliyeolewa Iganga huruhusiwa kuja kwao Krismasi.
Ngoja, nasema. Ngoja kwanza.
Unga bado haujanywa.

Brashi. Povu la sabuni, povu tupu.
Taulo kavu. Feni ya Mama Babirye,
na umeme, bila haya, unakatika saa sita.
Napepea kwa ungo.

Doa limetoka. Limetoka mno:
upana wa kiganja umerudi kijani cha siku ile
lori lilipotushushia kochi, Naigaga akiwa mgongoni,
na kochi lote lililobaki limeumbuka,
miaka ishirini na miwili ya migongo yetu.

Nageuza mto. Chini kuna wino.
Wino wangu mwenyewe; niliuficha mwaka fulani, nikasahau.
Naurudisha ulivyokuwa.

Saa nane na robo shangazi akaketi, gomesi likajaza kochi.
Kidole chake kikapapasa, kikapata pale penye ubichi,
kikapanda puani.
"Mafuta, halafu unga," akanong'ona. "Nani alikufundisha?"

Nikamwonyesha Kitimbo, kizingitini,
na kipande kingine mkononi,
anatutazama, anatafuna.