Mnofu

Hakina kichwa, hakina mkia,
hakina hata mwiba wa kumtia mtu adabu.
Kipande cheupe kimelala kwenye sahani
kama barua isiyoandikwa anwani.

Nilikinunua Gikomba saa tisa.
Muuzaji, mama mwenye glavu mkono mmoja,
aliniuliza kabla ya kunitajia bei:
"Nani mgonjwa?"
Maana huku mnofu ni chakula cha wagonjwa
na cha watu wasiojua kula.

Hakukosea sana.
Mama mkwe yuko sebuleni, Umoja, ghorofa ya nne,
jicho la kushoto limefungwa bandeji.
Amekuja kliniki, hakuja kutembea:
alilitamka hilo mlangoni, mara mbili,
ili mila isikie na imsamehe
kulala kwa mkwewe.

Akeyo yuko zamu ya usiku.
Tumebaki wawili, na ukuta, na kikaango.

Mimi mtu wa Mwala. Kwetu samaki
tulimwona kitabuni, darasa la pili,
anatabasamu.
Kupika nimefundishwa na Akeyo, kwa amri fupi fupi:
Mkaushe. Mkaushe tena. Maji na mafuta ni wake wenza.
Chumvi, ndipo unga, kidogo, kama poda ya mtoto,
kisha mkung'ute.
Ngoja mafuta yatetemeke.
Ukishamlaza, mikono nyuma!

Hapo kwenye mikono ndipo ninaposhindwa.
Mikono yangu ina umbea, inataka kufunua, kuchungulia,
na mara ngapi nimemchokoza samaki
akanivunjikia akawa uji.

Leo nimeshika ukingo wa sinki, nahesabu.
Kwanza kelele, mabati na mvua ya mawe,
halafu sauti inakonda.
Weupe unapanda ubavuni kutoka chini, polepole,
kama maji ya Alhamisi kwenye tangi la ploti.
Harufu imeshatoka dirishani,
imeingia kwenye shuka za jirani zilizoanikwa. Kesho tutasemwa.
Akiwa tayari, alisema Akeyo, atakuachia mwenyewe.
Natikisa mpini.
Anateleza.

Namgeuza, mara moja tu. Rangi ya mandazi!
"Eeh!" nasema, kwa sauti, peke yangu.
Sebuleni: "Umeungua?"
"Hapana, mama."

Ndimu. Ugali. Kunde za jana.
Anampapasa kwa vidole vinavyojua kusoma,
anatafuta mfupa, hapati,
anapapasa tena.
"Huyu hana jicho," asema.
"Haya. Mimi ninalo moja, nitamwonyesha njia."

Ndipo ananihadithia, akitazama sahani,
miaka sita ya kukaa na beseni
nje ya geti la kiwanda, Kisumu.
Minofu ilipita na lori la barafu, ikaenda kupanda ndege.
Wao waliuziwa kilichobaki:
kichwa, uti, mkia, nyama ya kubahatisha.
Mgongo wazi.
Akaukaanga, akauuza, ukawa sare, ukawa karo,
ukawa huyu Akeyo anayepima watu presha usiku huu.
"Mifupa yake naijua yote," asema.
"Mwili ndiyo leo tunakutana."

Anatafuna. Nasubiri, kitambaa begani,
kama mtahiniwa.
"Ni laini."
Kimya.
"Hana kazi."
Sijui ni sifa au ni kesi,
ila mkono umerudi kwenye sahani,
umechukua tena.

Kipande cha mwisho anakikataa.
Anakifunika kwa bakuli, anakisukuma hadi ukutani,
mbali na mimi: "Cha mtoto wangu."
Kisha ananigeuzia jicho lile moja.

"Kesho rudi sokoni, uniletee vichwa.
Nikufundishe upande wa pili."